Vifaru vya Karatasi

Hotuba kwa vijana na wazee, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaam alaykum, na kwa ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya silaha za vita. Nami nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya silaha ambazo hazijamuua mtu hata mmoja, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Akacheka, akaniachia.

Walionitia katika mada hii ni nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma. Nikipita penye vibanda vya michezo ya video nawaona mkiendesha vifaru ambavyo havikutoka kwenye meza ya mchoraji. Kwenye simu nako mnatumiana picha: kifaru kikubwa kama jumba, matope hadi juu ya minyororo, moshi unafuka, askari wamekipanda kama matwana ya jioni. Picha safi kabisa, imetengenezwa kwa kompyuta, na matope yale hayajagusa chuma chochote. Chini yake mtu ameandika kwamba lau Wajerumani wangelipata miezi sita zaidi, dunia leo ingekuwa nyingine. Hapo ndipo ninapokataa. Picha ya namna hiyo hutufundisha kuuliza jambo moja tu, ukubwa wa mzinga. Mimi leo nataka tuuangalie mkono uliofuta mchoro: ulikuwa wa nani, na ulikuwa na hoja gani.

Tuanze karibu. Fort Jesus, ambayo wengi wenu mmepita ubavuni mwake mkija hapa, ilikuwa karatasi kabla ya kuwa jiwe. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno, na ujenzi ulianza mwaka 1593. Wajuzi wa ngome wanausifu mchoro ule hata leo, maana kila ukuta unalindwa na mwenziwe. Adui akisogelea pembe hii hupigwa kutoka pembe ile. Sasa tazameni yaliyotokea. Waomani walipoizingira mwezi wa Machi 1696 hawakuwa na haja ya kuibomoa. Waliikalia. Ndani watu wakafa kwa njaa na maradhi, meli ya Santo António de Tanna iliyokuja na msaada ikazama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na Desemba 1698 ngome ikatwaliwa. Kuta za Cairati hazikuwa na kosa. Ila kwenye mchoro wa ukuta hakuna mahali pa kuchora gunia la mchele litakalofika au lisifike.

Basi, ikiwa mchoro mzuri uliojengwa kwa mawe ya matumbawe ulishindwa na njaa, hii ambayo haikujengwa tutaipimaje?

Kipenzi cha vijana ni kile kifaru cha Wajerumani kilichoitwa Ratte, yaani panya, jina la mzaha kwa mnyama wa tani 1,000. Aliyekibuni ni mhandisi Edward Grotte. Bwana huyu alikuwa na maradhi ya ukubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa Urusi akiwachorea Wasovieti vifaru, na huko nako alileta pendekezo la kifaru cha tani 1,000. Hawakulichukua. Mwaka 1942 akalipeleka wazo lile kwao, na Hitler, ambaye vitu vikubwa vilimlevya, akalipenda. Urefu mita 35, upana mita 14, kimo mita 11. Mizinga miwili ya milimita 280, ya jamii ile ile iliyofungwa kwenye manowari Scharnhorst. Injini ya gari isingefua dafu, kwa hiyo wakafikiria injini za dizeli za baharini: ama mbili kubwa sana, ama nane za boti za torpedo, jumla nguvu za farasi 16,000 au 17,000.

Mimi ni fundi wa mitambo, nimezeeka bandarini. Fundi akipewa karatasi ya namna ile hatazami mzinga, anatazama chini. Kitu cha tani 1,000 kitapita juu ya nini? Barabara ingesagika ikawa unga. Daraja la kukibeba halikuwapo. Kukisafirisha kwa reli ni ndoto, kwani mita 14 hazipiti penye handaki wala stesheni yoyote. Waliokitetea walisema kwamba kwa kimo kile kingevuka mito kwa kutembea majini. Sawa, lakini mto una kingo, una tope, na tope halisomi maelezo ya mhandisi. Na usisahau anga. Manowari Tirpitz ilijificha ndani kabisa kwenye pwani ya Norwei, ina deraya nene na mizinga ya kutungulia ndege kila upande, na bado Novemba 1944 ndege za Waingereza ziliipata zikaizamisha. Je, kifaru cha kimo cha ghorofa tatu katikati ya uwanda mtupu?

Aliyekifuta ni Albert Speer, waziri wa silaha, mwanzoni mwa 1943. Speer hakuwa mtu mwema. Viwanda vyake viliendeshwa kwa jasho la watu waliofanywa watumwa, na mahakama ya Nuremberg ilimfunga miaka 20. Lakini hesabu aliijua. Panzer IV, kifaru cha kawaida cha jeshi lake, kilikuwa na uzito wa tani 25 hivi. Kwa uzito peke yake, Ratte mmoja ni vifaru 40 ambavyo havitaonekana vitani. Kwa hiyo kijana akiniambia kwamba dubwana lile lingewapa Wajerumani ushindi, mimi humjibu kinyume: sisi ambao babu zetu walivalishwa sare za KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakapelekwa mpaka Burma kupigana upande wa pili, tulipaswa kuomba dua lijengwe. Tena wajenge mengi!

Nitakaa zaidi kwenye mchoro unaofuata, kwa sababu kisa chake kinapita karibu na mlango wetu. Aprili 1942 ndege za Wajapani, zilizoruka kutoka manowari za kubebea ndege, zilishambulia Colombo na Trincomalee, na zikaizamisha Hermes, manowari ya Waingereza ya kubebea ndege. Kikosi cha Waingereza cha Bahari ya Hindi kikaona Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, pamekuwa moto, kikarudi nyuma hadi hapa Kilindini. Wale waliosikiliza na kufumbua siri za redio za Wajapani waliwekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mliosoma pale jueni mmekalia madarasa yenye historia. Mwaka ule kila mtu mwenye bahari alilia kilio kimoja: ndege hazifiki mbali, na manowari za kuzibeba ni chache. Katika Atlantiki hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani katikati ya bahari palikuwa na eneo ambalo ndege za nchi kavu hazikulifikia, na humo nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli za chakula na mafuta zitakavyo.

Ndipo akatokea Geoffrey Pyke. Hakuwa mhandisi wala baharia. Alikuwa mwandishi wa habari ambaye katika vita vya kwanza alikamatwa Ujerumani akatoroka kambini. Wazo lake alilompelekea Lord Mountbatten, kamanda wa Waingereza, lilikuwa hili: chuma hatuna, lakini Kaskazini kuna barafu isiyo na bei. Tujenge meli ya barafu. Mradi ukaitwa Habakkuk, jina la nabii katika Biblia.

Msicheke bado, maana wenye akili zao waliushughulikia. Barafu tupu ina ila moja, hupasuka ghafla. Wakagundua kwamba ukichanganya maji na rojo ya mbao, kama asilimia 14 kwa uzito, kisha ukagandisha, unapata kitu kigumu ajabu kisichoyeyuka upesi. Kikapewa jina la Pyke, kikaitwa paikriti. Mtu aliyekichunguza ni Max Perutz, mwanasayansi mzaliwa wa Vienna ambaye mwaka 1962 alikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya damu. Maabara yake ilikuwa wapi? Chini ya soko la nyama la Smithfield, London, ndani ya chumba cha baridi, nyuma ya safu za nyama zilizogandishwa ili wapita njia wasione. Hiyo ndiyo siri ya kijeshi: mlango wake mbuzi waliochunwa.

Na katika mkutano wa Quebec, Agosti 1943, Mountbatten aliingia mbele ya majemadari wa Uingereza na Marekani na mabonge mawili, moja la barafu, moja la paikriti. Akatoa bastola. Bonge la barafu likasambaratika. La paikriti likairudisha risasi, ikapita ikivuma kati ya miguu ya wakubwa wale. Kisa hiki amekieleza Alan Brooke, mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Uingereza, aliyekuwamo chumbani. Napenda sana kuwaza sura za walinzi mlangoni waliposikia mlio.

Ukubwa uliokusudiwa sasa. Urefu zaidi ya mita 600. Uzito wa maji ambayo chombo kingeyasukuma, tani milioni mbili. Unene wa ubavu, mita 12. Mlango wa bahari wa Likoni, pale feri zinapovuka, una upana wa nusu kilomita hivi. Chombo hicho kingewekwa pale kimekingama, watu wangetembea mpaka ng'ambo bila kungoja feri. Torpedo ingetoboa shimo, nao wangemwaga maji na rojo, wakagandisha, wakaendelea na safari.

Wakajenga mfano mdogo katika ziwa la Patricia, katika milima ya Alberta nchini Kanada, mwanzoni mwa 1943. Urefu mita 18, upana 9, tani 1,000 hivi. Waliofanya kazi ile walikuwa vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dini yao, na hawakuambiwa wanajenga nini. Hapa nasita kila nikisimulia. Mtu amekataa vita kwa ajili ya Mola wake, akapelekwa ziwani kukata barafu, kumbe anajenga manowari. Mfano ule haukuzama hata jua la kiangazi lilipowaka, kwa kuwa mashine ndogo tu ilitosha kuupoza.

Lakini Perutz alikuwa amekwisha kuona tatizo. Barafu, hata yenye rojo, hulegea polepole chini ya uzito wake, na chombo kikubwa kiasi kile kingejipinda chenyewe miezi ikipita. Dawa ni kukiweka kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri wakati wote. Baridi hiyo inataka mitambo ya kupoza, mitambo inataka mabomba kila mahali ndani ya ubavu, na juu yake ngozi ya kuzuia joto. Mabomba ni nini? Chuma. Mradi uliozaliwa kwa kukosa chuma ukaanza kuomba chuma. Usukani nao, wenye kimo cha mita 30, hawakujua wataufunga vipi ukashika. Wakati wanakuna vichwa, Ureno ikakubali Waingereza watumie viwanja vya ndege katika visiwa vya Azores, ndege za masafa marefu zikapatikana, na manowari ndogo za kubebea ndege zikaanza kutoka viwandani Marekani kwa wingi. Lile eneo la katikati ya bahari likazibika. Hakuna aliyeshindwa. Maradhi yalipona dawa ikiwa bado jikoni. Mabaki ya mfano yangali chini ya ziwa Patricia, na wapiga mbizi huenda kuyatazama.

Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo. Fundi wa jahazi wa kwetu, wa Lamu au wa huku, hakuwa na ramani. Alilaza mkuku, akasimamisha mataruma kwa jicho, vipimo vyote vikiwa kichwani na mkononi, na chombo kikatoka sawa. Hiyo ni sifa kubwa. Ila ina hasara ambayo hatuisemi: jahazi ambalo fundi aliliwaza asilijenge, kwa kukosa mbao au mteja, limekwenda naye kaburini. Wenzetu makosa yao wameyatunza kwenye makabati, tena yana tarehe na sahihi. Pyke tunamcheka kwa sababu karatasi zake zipo. Sisi waliowaza mambo ya ajabu hatuwajui hata majina, na sidhani kwamba hawakuwapo.

Nirudi. Mpaka sasa nimewasifu wenye kufuta. Yupo aliyefutiwa kwa dhuluma, naye ni Lancelot de Mole wa Australia. Alizunguka kwenye nchi mbovu isiyo na barabara, akawaza gari linalotembea juu ya mnyororo, lenye kupanda kingo na kuvuka mitaro. Mwaka 1912 akapeleka michoro London, Wizara ya Vita. Ikarudishwa. Vita vikaanza, watu wakafa kwa maelfu mbele ya waya wa miba na bunduki za rashasha, akaleta tena habari ile ile. Vifaru vya kwanza vya Waingereza viliingia vitani Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, navyo vilikuwa vizito kugeuka, vikikwama hovyo. Mchoro wa de Mole ulikuwa na ujanja wa kugeuka kwa kuupinda mnyororo wenyewe. Baada ya vita, tume ya kuwatuza wavumbuzi ikakiri mwaka 1919 kwamba uvumbuzi wake ulikuwa bora, na kwa namna fulani uliupita ule uliotumika. Lakini tuzo la uvumbuzi hakupewa! Kwa nini? Kwa sababu waliojenga vifaru hawakuwa wameona karatasi zake. Zilikuwa zimelala ofisini. Akalipwa gharama zake na kupewa nishani. Gari lake halikujengwa kwa ukubwa kamili; ulibaki mfano mdogo alioutengeneza kuonyesha kwamba inawezekana.

Huyo ndiye ningependa mtumiane picha zake. Hana mzinga wa kutisha, kwa hiyo najua hamtatuma.

Jamii yake ni ndege ya Miles M.52 ya Waingereza. Agizo la 1943 lilikuwa ndege ya kufika maili 1,000 kwa saa, wakati ambapo kuipita kasi ya sauti kulikuwa kitendawili. Michoro ilikamilika na ujenzi wa sehemu ulikwisha kuanza, na Wamarekani wa kampuni ya Bell walioneshwa takwimu zake mwaka 1944. Februari 1946 serikali ikaufuta, kwa hoja za fedha na za usalama wa rubani. Oktoba 1947 Chuck Yeager akaipita kasi ya sauti ndani ya Bell X-1. Mwaka mmoja baadaye Waingereza wakarusha mfano mdogo wa M.52 kwa roketi bila rubani, ukafika mara 1.38 ya kasi ya sauti, ukitii vizuri tu. Sina la kuongeza hapo. Mwenye kuumia ataumia mwenyewe.

Kuna iliyofutwa nami nikasema alhamdulillahi. Wamarekani walitaka ndege ya bomu inayoendeshwa kwa nyuklia, ikae angani siku kadhaa bila kutua. Walichukua ndege moja kubwa, B-36, wakaitia kinu cha nyuklia kinachofanya kazi, ikaitwa NB-36H, ikaruka mara 47 kati ya 1955 na 1957. Kinu hakikuisukuma, kilibebwa tu wapime mionzi. Marubani walikaa ndani ya chumba kilichozungushiwa madini ya risasi na mpira, uzito wake tani 11 hivi. Fikirieni: ndege inabeba tani 11 za kumkinga rubani na ndege yake mwenyewe. Ile iliyokusudiwa hasa, ya kuruka kwa nguvu hiyo, haikujengwa. Rais Kennedy aliufunga mradi Machi 1961, baada ya miaka 15 na dola bilioni moja hivi.

Zaidi ya huo ulikuwa mradi wa Pluto, kombora lisilo na rubani lenye kinu cha nyuklia kisichofunikwa, la kuruka chini chini kwa kasi mara tatu ya sauti. Hewa ingeingia mbele, ipite kwenye kinu chenye moto, itoke nyuma. Na msidhani ulikuwa mchezo wa penseli. Mei 1964, katika jangwa la Nevada, injini yake iitwayo Tory-IIC iliwashwa ikafanya kazi dakika tano kwa nguvu kamili, zaidi ya megawati 500. Kila fundi aliyekuwapo alikuwa na haki ya kusherehekea. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo mradi ukafutwa.

Sababu moja ilikuwa ya kijeshi: makombora ya kwenda juu na kushuka yalikuwa yamekwisha kuwapo, na yalifika upesi zaidi. Ya pili ni swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeliuliza. Utalijaribia wapi? Likipotea njia ndani ya nchi yako utalisimamishaje? Waliwaza kulirusha karibu na kisiwa cha Wake, katikati ya Pasifiki, kisha walizamishe kilindini. Na vitani, kabla ya kumfikia adui, lingepita juu ya nchi za marafiki likiwamwagia kelele na mionzi. Kwa hesabu za maumbile kombora lile lingeweza kuruka. Jirani ndiye aliyelishinda. Sisi wakaao kisiwani, tuliozungukwa na maji ambayo kila mwenye manowari huyapitia, swali la jirani tunalielewa kuliko wengi.

Nipite haraka kwenye ndege ya roketi ya Eugen Sänger na Irene Bredt, iliyowazwa Ujerumani wakati wa vita: isukumwe kwenye reli ya kilomita tatu, ipande hadi ukingo wa anga, kisha idunde juu ya hewa mpaka Marekani. Baadaye ilionekana kwamba hesabu yao ya joto ilikuwa na kosa, ingeungua. Wazo la kudunda hata hivyo likavuka bahari, likachangia ndege ya roketi Dyna-Soar ya Marekani, iliyofutwa Desemba 1963 kabla haijaruka. Miongoni mwa marubani walioteuliwa mwanzo kuirusha alikuwa Neil Armstrong. Alikwisha kuondoka kwenda kwingine. Mnajua alikokwenda.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni: na Afrika? Hatukuchora? Tulichora. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilimchukua Willy Messerschmitt, mhandisi yule yule wa ndege za Wajerumani, na pale Helwan, karibu na Cairo, ikatengenezwa ndege ya kivita HA-300. Iliruka mara ya kwanza tarehe 7 Machi 1964, rubani wake Mhindi, Kapil Bhargava, kwa kuwa India iliingia ubia katika injini. Kwa hiyo ile ya kwanza si ya karatasi. Iliyobaki karatasi ndiyo iliyotakiwa hasa: ndege yenye injini ya Misri yenyewe, E-300. Ya tatu ilijengwa kuibeba injini hiyo, haikuruka. Mwaka 1969 mradi ukafungwa. Vita vya 1967 vilikuwa vimeimaliza hazina, na Wasovieti walikuwa wakitoa ndege zilizo tayari. Moja ya zile za Helwan imehifadhiwa leo Ujerumani, kwenye jumba la makumbusho karibu na Munich. Hilo linanichoma kidogo, nakiri.

Na Afrika Kusini ya makaburu, baada ya Umoja wa Mataifa kuifungia silaha mwaka 1977, ilianza kuchora ndege yake ya kivita, Carver. Serikali ya de Klerk ikaufuta mradi 1991. Vita vya mpakani na Angola vimekwisha, Namibia imekuwa huru, Mandela ametoka gerezani. Ndege ile ingempiga nani? Kati ya michoro yote niliyoitaja usiku huu, huo ndio uliofutwa kwa sababu nzuri kuliko zote.

Namalizia kwa jambo la kazi. Picha ikiwafikia tena, tafuteni tarehe, tafuteni jina la aliyeagiza, tafuteni kama upo mchoro wa asili wenye sahihi. Nyingine hazina hata hiyo karatasi. Mtu ameziota juzi kwenye kompyuta, na zinazunguka pamoja na za kweli kana kwamba ni ndugu. Kisha someni barua ya kufuta, ikiwapo. Mara nyingi ni ukurasa mmoja, na una elimu kuliko mchoro wenyewe.

Nimeleta nakala chache, ziko pale mezani. Ya de Mole nimeiweka juu. Tafadhali msizishike na mikono ya mafuta, nimeona mahamri yanapita. Mwenyekiti, maswali.